Matunda Kwenye Chumba cha Dereva

Mchezo uliletwa kwenye karakana yetu ya treni na Sonobe, kondakta, vuli ile ambayo nusu ya Japani ilikuwa ikiangusha matunda ndani ya sanduku. Sheria zake mtu huzielewa kwa kutazama tu. Tunda linaning'inia juu ya sanduku. Unalisogeza kushoto au kulia, kisha unaliachia. Matunda mawili ya aina moja yakigusana huungana na kuwa tunda moja kubwa zaidi. Cheri mbili huwa stroberi, stroberi mbili huwa zabibu, na safari huendelea hivyo kupitia chenza, tufaha, pichi, nanasi na meloni, hadi tikiti maji. Sanduku likifurika, umekwisha. Hakuna saa inayokukimbiza. Kinachokushinda ni kwamba matunda yana uzito na ni mviringo: yanabingirika, yanasukumana, moja linadunda kidogo tu na mpango wako wote umevurugika. Mchezaji hushindwa kwa kosa ambalo anaamini angeweza kuliepuka, ndiyo maana anaanza tena.

"Dada dereva, hebu jaribu mara moja," Sonobe alimwambia Kozue Wakatsuki, akimsukumia kifaa chake cha mchezo juu ya meza ya chumba cha mapumziko, katikati ya chupa za chai na madonge ya wali.

"Mimi si dereva bado."

"Basi jaribu ukiwa bado mtu wa kawaida kama sisi. Ukishapata leseni hutatusalimia."

Kozue alijaribu. Alifika kwenye pichi, sanduku likajaa. Alijaribu tena, hakufika hata pichi.

"Ona anavyomwaga!" Sonobe alicheka. "Unatupa matunda kama mtu anayelisha kuku."

Kauli hiyo ilimgusa kuliko Sonobe alivyokusudia, kwa sababu asubuhi hiyohiyo Fundi Kurotani alikuwa amemwambia jambo lilelile kuhusu breki.

Kurotani ndiye aliyekuwa akimfundisha kuendesha. Alikuwa ameendesha njia yetu ya bondeni tangu Kozue hajaanza shule, na sifa kutoka kwake ilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Kwetu mwanafunzi wa udereva huitwa mtoto wa fundi wake. Wanakaa pamoja chumba kimoja cha dereva kwa miezi, na mtoto akikosea, watu humtazama fundi kwanza.

"Mkono wako una haraka," Kurotani alikuwa amemwambia. "Treni haijakujibu, wewe umeshaiuliza swali la pili."

Mtihani wa kuendesha ulikuwa mwishoni mwa Februari. Kozue alikuwa mwanafunzi pekee mwaka huo. Kwenye reli ndogo kama yetu, anayeshindwa hurudishwa kwenye dirisha la tiketi, na kampuni haimwahidi nafasi nyingine. Kozue alikuwa ameketi kwenye dirisha hilo muda wa kutosha kujua kila ufa wa kaunta yake. Hakutaka kuuona tena.

Alinunua kifaa chake mwenyewe wiki ileile. Sababu aliyojipa ilikuwa ya maana: mchezo unaadhibu haraka, na yeye tatizo lake ni haraka. Angejifunza kusubiri tunda litulie kabla ya kuachia jingine. Lakini mkono uliendelea kumwaga. Ndipo akauwekea mchezo utaratibu wa kazini.

Dereva wa treni hapa haitazami ishara kimya kimya. Anainyooshea kidole chenye glavu nyeupe na kuitaja kwa sauti, mahali na maana yake, hata akiwa peke yake. Jicho linaona, kidole kinathibitisha, mdomo unasema, sikio linasikia. Kosa linalopita kwenye kimoja hukamatwa na kingine. Kuna vipimo vilivyothibitisha hilo, na Kozue alikuwa amevisoma. Basi akaanza kukinyooshea kidole kioo cha mchezo.

"Pichi, kulia, sawa!" alisema, na kuachia.

Sonobe aliacha kutafuna. "Jamani, njooni mwone! Huyu anaendesha matunda!"

"Nyamaza, Sonobe."

"Abiria wapendwa," Sonobe akasema kwa sauti yake ya kipaza sauti, "treni hii inaelekea tikiti maji. Tafadhali msisimame karibu na cheri."

"Zabibu, kushoto, sawa!"

"Mungu wangu, hata hacheki."

Alama zake zilipanda. Kabla ya mwaka mpya alikuwa amempita Sonobe, na Sonobe akaacha kufanya mzaha kwa siku kadhaa. Alifikia meloni mara nyingi. Tikiti maji hakulipata hata mara moja: kila meloni ya pili ilipokaribia, kitu kidogo, cheri mara nyingi, kilijibana katikati yao na hakikutoka.

Mkono ulitulia pia kwenye breki. Kurotani aliona, ila hakusifu. Aliacha tu kulalamika. Kwa hesabu ya kawaida mpango ulikuwa umefaulu. Jambo ambalo Kozue hakulipima ni kwamba kamba uliyofunga ncha mbili huvutwa kutoka pande zote mbili.

Lilianza nje ya kazi. Dukani alisimama mbele ya rundo la machenza, akitafuta lile la chini ambalo likitolewa mengine yangeshuka na kugusana. Aliosha vyombo na kuona bakuli mbili zinazofanana zikiwa zimetenganishwa na kikombe, akakosa raha hadi alipoondoa kikombe. Kwenye jukwaa la stesheni watoto wa shule walijipanga na kofia zao za njano na nyekundu, naye akajikuta akihesabu ni nani akisogezwa atamgusa nani. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vikitikisika juu ya paja hata alipokuwa akiongea na mama yake kwa simu.

Alikiweka kifaa juu ya kabati. Kisha akakipeleka kwenye buti la gari, akiamini baridi itamzuia. Jumapili moja alasiri alijikuta ameketi kwenye kiti cha nyuma, injini imezimwa, pumzi yake ikiganda kwenye kioo, akicheza akiwa amevaa glavu za kazi.

Likafika kazini. Taa nyekundu ya mwisho wa njia ilipotokea, mdomo wake ulisema "Simama!" kama ilivyotakiwa, lakini chini ya neno hilo, kooni, kulikuwa na tufaha. Hakumwambia Kurotani. Alijiambia kwamba kisichotoka mdomoni si kosa.

Asubuhi ya tukio theluji ilikuwa imekoma na jua linamulika bonde. Treni ya mabehewa mawili ilikuwa na wanafunzi wa sekondari na wazee wa kwenda hospitali. Kozue aliendesha, Kurotani amesimama pembeni yake. Mwanafunzi anapoita ishara, fundi huirudia. Hivyo ndivyo ilivyoagizwa.

Tochizawa ni stesheni ya kupishana, maana reli yetu ni ya njia moja. Kwa ratiba ya treni ile, treni inayotoka mlimani huwa imeshaingia na inasubiri, njia ya mbele iko wazi, na ishara ya kuingia stesheni ni ya kijani, nayo huitwa "endelea." Imekuwa ya kijani saa ile miaka nenda miaka rudi. Siku hiyo treni ya mlimani ilikuwa imegonga kulungu na kuchelewa, na habari ilikuwa haijafika kwenye redio ya chumba cha dereva. Njia ya mbele ilikuwa imefungwa. Ishara ya kuingia ilikuwa ya njano, maana yake ingia polepole, ukijua utasimama.

Walitoka kwenye kona. Kozue alinyoosha kidole.

"Ishara ya kuingia Tochizawa, nanasi!"

"Ishara ya kuingia Tochizawa, endelea!" alirudia Kurotani.

Sauti zilikaribia kupandana. Mkono wa kushoto wa Kozue ulikuwa umeshavuta breki wakati neno linatoka. Alisikia alichosema, akahisi masikio yakiwaka, akanyoosha kidole upya.

"Tahadhari! Mwendo arobaini na tano!"

Kurotani hakurudia. Alikuwa akiitazama taa ya njano ikipita juu ya kioo.

Isikuzwe kuliko ilivyokuwa. Treni hazingegongana, kifaa cha kusimamisha treni kingeikamata kabla ya taa nyekundu iliyofuata. Lakini kifaa hicho hukamata kwa ghafla, na kwenye behewa la kwanza kulikuwa na wazee waliokwisha kusimama wakisubiri mlango. Kwa breki ya Kozue hakuna aliyeyumba. Treni iliingia Tochizawa na kusimama mbele ya alama.

Mlango ulipofunguliwa, wasichana wawili wa sekondari waliokuwa wamebanwa kwenye kioo cha nyuma ya dereva walikuwa wameziba midomo yao kwa mikono.

"Kasema nanasi," mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika behewa zima.

"Naye anacheza!"

"Dada, umeshapata tikiti maji?"

"Tikiti wapi! Huyo macho yake tu yanaonyesha bado."

Kozue alifunga pazia dogo la kioo. Walilazimika kusubiri treni ya mlimani. Kurotani alivua glavu, akaivaa tena.

"Umesema nini?" aliuliza.

"Nanasi, Fundi."

"Nanasi."

"Ni mchezo. Wa matunda. Nimekuwa nikiyaita matunda kama tunavyoita ishara, ili mkono usikimbie. Sasa yanakuja yenyewe." Alikuwa anaongea haraka. "Samahani sana. Sikujua yangefika mdomoni."

"Kwa nini nanasi? Kwa nini si jingine?"

"Kwa sababu ni la njano."

Kurotani aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayekubali bei asiyoipenda.

"Na mimi nimesema nini?"

Kozue alikazia macho mpini wa breki.

"Nimekuuliza, Wakatsuki."

"Umesema endelea."

"Nimesema endelea kwa taa ya njano." Alitazama nje, treni ya mlimani ikaanza kuonekana, mbele yake kuna bonge la manyoya lililoganda. "Haya. Jioni tutaripoti. Mimi nitasema langu. Lako ni lako, sikusemei na sikufichii."

Siku iliyobaki Kozue aliiendesha kama mtu anayetembea na bakuli la maji lililojaa. Kila ishara aliiita sawasawa. Kati ya ishara na ishara alikuwa akipima lile neno, lako. Kulikuwa na njia rahisi, na aliiona vizuri. Alikuwa ameita "tahadhari" pia. Akiulizwa aliita nini, angeweza kujibu "tahadhari," na usingekuwa uongo mbele ya karatasi yoyote. Kurotani alishasema hatamsemea. Angesimama pale kama mwanafunzi aliyeona kile ambacho fundi wake hakukiona, na ingekuwa vigumu kwa mtihani kumkataa.

Tatizo la njia hiyo lilikuwa la kiufundi. Kama angelificha nanasi, angebaki nalo peke yake, na hakuna ambaye angekuwa analisikiliza lisitoke tena.

Afisa wa zamu jioni hiyo alikuwa Bi Mashiko, ambaye ndiye pia mtahini wa madereva. Ni mwanamke anayesikiliza huku amefumba jicho moja kidogo, kama anayenusa maziwa kama yamechacha. Walisimama mbele ya kaunta yake, kofia zimenyooka.

"Kurotani naripoti. Ishara ya kuingia Tochizawa ilikuwa njano. Niliita endelea."

Bi Mashiko alichukua kalamu. "Na mwanafunzi aliita nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Wakatsuki?"

"Niliita nanasi," alisema Kozue. "Kisha tahadhari."

Nyuma yao mtu alikohoa kwa namna ya kuficha kicheko, alikuwa Sonobe. Bi Mashiko hakugeuza kichwa.

"Sonobe, kama una kifua nenda nyumbani." Kisha kwa Kozue: "Nanasi. Tunda."

"Ndiyo."

Kozue alieleza mchezo wote, kidole, glavu, hata kiti cha nyuma cha gari. Hakuruka kitu. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani; jambo lililokuwa likimsumbua miezi mizima liliingia kwenye sentensi chache.

"Mkono ulifanya nini?" aliuliza Bi Mashiko.

"Ulivuta breki."

"Kabla ya hilo nanasi au baada?"

"Pamoja nalo."

"Kurotani, wewe uliona rangi gani?"

"Sikuona rangi," alisema Kurotani. "Niliita."

Bi Mashiko aliandika muda mrefu. Uamuzi wake ulikuwa mkavu. Kurotani angeshuka kwenye treni na kurudia mafunzo ya ishara darasani mpaka yeye Mashiko aridhike. Kozue angeendelea na fundi mwingine, na mtihani ungebaki tarehe yake.

"Lakini nisikilize vizuri, binti. Siku hiyo nikisikia tunda, hata zabibu, mtihani unaishia stesheni inayofuata. Utashuka hapo, utapanda ya kurudi kama abiria, na kesho yake utafungua dirisha la tiketi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Unaweza kuyanyamazisha?"

"Sijui," alisema.

"Angalau hilo umeliita sawa," alisema Bi Mashiko.

Kesho yake Kozue alikuja na kifaa akitaka kumkabidhi Sonobe. Kurotani alikuwa kwenye chumba cha mapumziko, bila treni, na mikono yake haijui pa kukaa.

"Lete hapa," alisema.

"Fundi, hiki usikiguse. Nakuomba."

"Nimeshinda darasani nikizinyooshea kidole picha za taa kama mtoto wa chekechea. Nionyeshe hilo nanasi."

Akampa.

Wiki zilizofuata Kozue hakucheza. Matunda hayakuondoka. Alijaribu kuyasukuma, yalidunda na kurudi mahali pabaya zaidi. Kwenye safari moja, fundi mpya akiwa pembeni, "tu—" ya tufaha ilifika kwenye meno na aliimeza kwa shida. Hapo ndipo alipoacha kusukuma. Alipoona ishara alinyoosha kidole na kuliacha tunda lije, likae kooni, litulie. Likishatulia, alitazama rangi yake, na kutoka kwenye rangi akalichukua neno lake halali. Njia hiyo ilikuwa salama, ila ilichelewesha. Kila ishara sasa ilikuwa na kimya kidogo kabla ya sauti, na kimya hicho mtu yeyote wa kazi angekisikia.

Siku ya mtihani kulikuwa na ukungu. Bi Mashiko alisimama pembeni na ubao wake wa kuandikia. Breki zilikwenda vizuri. Kila Kozue alipochelewa kuita, kalamu iligusa karatasi. Aliijua sauti yake kabla hawajafika nusu ya njia. Hakuweza kufupisha kimya, na hakuthubutu.

Kona ya Tochizawa ilifika. Ukungu ulikuwa umeimeza taa. Alinyoosha kidole mahali ambapo taa hukaa, na palikuwa na weupe mtupu. Hapo ndipo kila dereva wa njia ile husema "endelea," kwa sababu ndivyo inavyokuwa. Kidole kilibaki kimenyooka. Mkono wa breki ulianza kukaza. Akasubiri. Alihisi Bi Mashiko akigeuza uso kumtazama.

Taa ilitokea. Tunda lilikuja, zito, likajaza koo, likatulia.

"Ishara ya kuingia Tochizawa, endelea!"

Kalamu iligusa karatasi.

Walipofika mwisho wa njia Bi Mashiko aliteremka jukwaani, akasoma maandishi yake mwenyewe mara ya pili.

"Umepita," alisema. "Kuita kwako kunachelewa. Nimekukata alama karibu kila ishara. Unasubiri nini?"

"Itulie."

"Nini itulie?"

"Ishara," alisema Kozue.

Bi Mashiko alifumba lile jicho moja. "Kwenye ukungu sitakulaumu. Kwenye jua, fanya haraka kidogo."

Jioni chumba cha mapumziko kilikuwa na harufu ya supu ya miso na soksi mbichi. Kurotani aliketi mwisho wa meza, miwani imeshuka puani, kidole cha shahada kinakielekea kioo.

"Pichi, katikati, sawa," alisema, na kuachia. Kisha, "Ah! Limedunda."

"Yuko hapo tangu mchana," Sonobe alimwambia Kozue. "Mimi nimeharibu watu wawili wa reli hii. Siku yangu ya kustaafu msinitolee hotuba."

Kozue aliketi mkabala na fundi wake. Aliona meloni kwenye kona ya sanduku, na cheri mbili zilizotengana zikizuia njia. Vidole vyake vilianza kutikisika chini ya meza. Akavikalia.

"Nimepita, Fundi."

"Nimesikia." Kurotani hakuinua macho. "Tochizawa uliita nini?"

"Endelea."

"Hiyo ni ya Mashiko. Nakuuliza wewe ulianza kuita nini."

Kozue alimtazama Sonobe, kisha akainama mbele. "Tikiti maji."

"La kijani."

"La kijani."

"Na hujawahi kulipata."

"Sijawahi."

Kurotani alisogeza cheri polepole juu ya sanduku, kushoto, kulia, tena kushoto, bila kuiachia.

"Iweke wapi hii?" aliuliza.

Kozue aliuma midomo. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshatoka chini ya paja, na kidole kilikuwa kimenyooka.